Mkia wa Gitaa la Kassimu

Nimefunga kazi mwezi uliopita. Sababu si uzee peke yake. Mikono imeanza kutetemeka, na fundi wa magitaa anayetetemeka ni kama kinyozi mwenye kwikwi: mteja anaweza kumpenda, lakini hakai. Vijana wawili niliowaachia meza yangu ya Korogwe waliniomba niandike niliyoyaona kazini. Nikawaambia nina darasa la saba tu. Wakasema, "Andika hivyo hivyo, Mzee. Sisi tuna kidato cha nne na hatuna cha kuandika."

Vyeo sitavitaja, kwa kuwa sikupata hata kimoja. Nilianza nikiwa fundi na nimemaliza nikiwa fundi. Katikati waliongeza neno mzee. Nitaandika juu ya kifaa kimoja, kile chuma cha gitaa la umeme kinachoshika nyuzi upande wa mkono wa kulia, chenye springi kwa nyuma na kijiti cha kutikisia sauti. Ninyi mnakiita tremolo, mmejifunza kwenye simu. Chuma chenyewe sisi tulikiita daraja, na kile kijiti tulikiita mkia. Hicho ndicho kilichonipa jina kuanzia Handeni hadi Tanga. Pia ndicho pekee nilichowahi kumdanganyia mteja. Mteja huyo amefariki, na ningependa jambo hili niliseme mimi kabla halijasimuliwa na watu wanaojua kusimulia.

Baba yangu alikuwa mtu wa mkonge, Ngombezi, kwenye mashine ya korona, ile inayoparua majani na kubakiza nyuzi. Nilipomaliza shule alinipeleka kuiona. Niliitazama kwa muda mfupi, nikamwambia ningependa kazi yenye mashine ndogo zaidi. Hakukasirika. Alihesabu vidole vyangu, akaona ni kumi, akasema huenda nina akili. Wiki hiyo hiyo akanipeleka Korogwe mjini kwa Mzee Ratilal, fundi wa redio, saa na cherehani, aliyekuwa na duka jembamba karibu na soko.

Mzee Ratilal alizaliwa pale pale Korogwe na alijua Kishambaa kuliko mimi. Alikitumia kugombana na wateja wa milimani ili wasipate pa kujificha. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia, akanipa kisosi cha chai kisicho na kikombe.

"Hii ndiyo kazi yako," akasema. "Kila skrubu ninayoifungua inakaa humu. Ikipotea, utaitafuta wewe. Isipopatikana, humu utakaa wewe."

Nilishika kisosi kwa miezi mitatu. Ndicho kile mlichokikuta mezani. Msikinywee chai.

Gitaa la kwanza lililetwa na Kassimu. Alikuwa mkulima wa mahindi wa Handeni, rika langu, mrefu, mwenye sauti ya chini kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alipiga solo kwenye bendi ya maharusi. Gitaa lenyewe lilikuwa jekundu, limepita mikono mingi kabla yake, na alikuwa amelifunga ndani ya gunia la mbolea. Tatizo alilieleza kwa adabu. Kila akiubonyeza mkia, sauti zilishuka vizuri, lakini hazikurudi zilikotoka.

Mzee Ratilal hakuwa amewahi kuona kitu kama kile, na hakuwa mtu wa kulisema hilo mbele ya mteja. Aligeuza gitaa, akafungua kifuniko cha nyuma. Mle ndani mlikuwa na springi tano, upande mmoja zimejishika kwenye daraja, upande mwingine kwenye chuma chenye meno kama reki. Akaniambia nichomoe moja kwa plaizi. Nikachomoa nyuzi zikiwa bado zimekazwa. Springi ilitoka mlangoni upesi kuliko macho yangu, ikavuka njia, ikaangukia kwenye magunia ya mama aliyeuza maharage. Mama akasema hakuona kitu, na kupekuliwa hataki. Nadhani kuna nyumba Korogwe iliyoipika.

Tukaweka badala yake springi ya breki ya pikipiki. Urefu ulikaribia, na sisi tuliona urefu ndio mambo yote. Kassimu aliporudi, aliukamata mkia kwa mkono mmoja, haukusogea. Akaukamata kwa mikono miwili. Akatutazama kwa zamu.

"Mzee," akasema taratibu, "hili ni gitaa au pikipiki? Nikilipiga teke litawaka?"

"Lipige," akajibu Mzee Ratilal bila kuinua kichwa, "tujue."

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka, maana springi ya maharage ilikuwa yangu.

Baada ya hapo Mzee Ratilal alifanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi: alikiri kwamba hajui, akajifunza. Alikuta jibu kwa jirani yake wa duka la nafaka, kwenye mizani ya sahani mbili. "Nyuzi ziko sahani hii," akaniambia, "springi ziko sahani hii. Daraja ni ule mshikio wa katikati. Ukiongeza huku, kule kunapanda." Akatoa ile springi ya pikipiki na moja ya zamani, akabakiza tatu, akalegeza skrubu mbili za reki nusu duru kila mara, huku mimi nikityuni nyuzi upya baada ya kila nusu duru. Asubuhi tulianza, adhuhuri tulikuwa bado. Alasiri daraja lilielea, likiwa limeinuka nyuma kwa unene wa sarafu mbili, na mkia ukashuka na kurudi pale pale. Kassimu alilipokea gitaa kama mtu aliyerudishiwa mbuzi aliyedhaniwa ameliwa na fisi.

Sijapata njia fupi kuliko ile, na anayewauzia njia fupi mtazameni vidole. Nyuzi badilisheni mmoja mmoja, msizitoe zote, kwa sababu sahani moja ikibaki tupu nyingine inaanguka. Nyuzi mpya zivuteni kwa mkono mpaka zikubali kwamba zimekuwa nyuzi. Kule shingoni, kwenye vijia zinamopita, pakeni unga wa penseli. Pale daraja linapogusa skrubu zake za mbele tieni mafuta ya cherehani, tone moja. Nasema tone. Kuna fundi alimimina, na sitamtaja kwa kuwa ni mmoja wenu.

Dawa moja tu hatukuipata. Daraja linaloelea lina kosa la kuzaliwa nalo: uzi mmoja ukikatika, sahani ya nyuzi inakuwa nyepesi, springi zinavuta, na nyuzi tano zilizobaki zinapanda sauti kwa pamoja. Mpigaji hana la kufanya. Gitaa zima limehama.

Lilihama Kabuku, kwenye harusi, saa tisa alasiri, mbele ya watu wote. Mzee Ratilal alikuwa ameshafariki, mimi ndiye niliyekuwa kwenye meza yake, na Kassimu alinialika nikasikie kazi ya mikono yangu. Nikaisikia. Uzi wa kwanza ulikatika katikati ya wimbo wa kumtoa bibi harusi, na zile tano zikaanza kulia kila mmoja kivyake. Bendi iliendelea, naye akawa anatafuta sauti kama mtu anayetafuta kiatu gizani.

"Jamani, hiyo stesheni imehama!" alipaza sauti shangazi mmoja wa upande wa bwana. "Geuzeni redio upande wa Segera!"

"Mwacheni," akajibu mwenzake, "gitaa limemwona bibi harusi likashtuka."

Bibi harusi mwenyewe alicheka, na hapo ndipo kiongozi wa bendi alipokasirika. Wakati wa pilau alimwambia Kassimu, nikiwa nimekaa hapo hapo, kwamba wiki ijayo wana harusi Mashewa. Ikitokea tena, atanunua kinanda cha umeme na nafasi ya solo itakwisha. "Kinanda hakikatiki uzi," alisema. Kassimu alikula pilau yake yote, akanawa, akaniambia, "Kumbe hata mahindi nayo ni kazi."

Siku tatu kabla ya Mashewa alikuja na gunia lake.

"Fundi, uzi ukikatika tena mimi si mpigaji tena."

"Naweza kulifunga daraja lisitembee," nikasema. "Uzi ukikatika, nyingine zitakaa."

"Na mkia?"

"Mkia utakuwa pambo."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Watu wananiita Kassimu Mkia. Nikienda bila mkia wataniita nani? Wewe ni fundi, tafuta njia."

Njia haikuwepo. Nilijua haipo, na nilipaswa kumwambia haipo. Badala yake nikasema, "Acha nitazame." Alipoondoka nilitazama siku nzima. Kisha nikachukua mguu wa kitanda uliovunjika, wa mninga, nikakata vipande viwili, nikaviingiza nyuma ya kifuniko, kimoja mbele ya daraja na kingine nyuma yake, mpaka likakaa kama jino. Nikakata uzi kwa makusudi. Zile tano hazikusogea hata unywele. Ilikuwa kazi nzuri, na ingekuwa ya haki kama ningeishia hapo. Lakini baina ya mninga na chuma nikapachika vipande vya mpira wa tyubu ya trekta, ili mkia ukibonyezwa uzame kidogo sana, kiasi cha mkono kuhisi na sikio kukosa. Nikafunga kifuniko kwa skrubu sita.

Alipokuja aliubonyeza mkia. Ukazama kidogo, ukarudi.

"Umekuwa mzito," akasema.

"Utauzoea," nikasema.

Hilo ndilo neno lenyewe, mnaweza kulipigia mstari. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilimwonea huruma. Ni kweli, ila nilijionea huruma na mimi. Sikutaka ajue kwamba fundi wake amefika mwisho wa anachokijua.

Mashewa nilikwenda kwa kuwa hofu haikuniruhusu kubaki nyumbani. Uzi ulikatika katika wimbo wa tatu. Kassimu aliinua macho, akaniona, akashusha macho, akaendelea kwa nyuzi tano. Penye sauti ndefu alishika mkia na kuutikisa, na sauti ikatetemeka, watu wakapiga vigelegele. Mimi peke yangu nilitazama mkono wake wa kushoto. Kidole kilichobana uzi kilikuwa kinaucheza huku na huku, upesi kama mguu wa fundi cherehani. Mtetemo wote ulitoka pale. Nikajua kwamba mwili wake umejifunza wenyewe kusaidia mkia, naye hana habari. Nafasi yake ya solo ikabaki. Kiongozi alinunua kinanda hata hivyo, akampa mpwa wake.

Kuanzia hapo sifa zangu zilienea kwa namna ya kutia aibu. Kassimu alimwambia kila mpigaji aliyekutana naye kwamba fundi anayejua mkia yuko Korogwe. Walikuja wa Handeni, wa Muheza, wa Tanga mjini. Wote niliwatengenezea kwa njia ya mizani, daraja linaelea, mkia unafanya kazi, mambo ya haki kabisa. Na wengi wao walirudi kulalamika.

"Halilii kama la Kassimu," mmoja wa Tanga aliniambia. "Siri umeibana."

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Jina langu lote la ufundi wa mkia lilisimama juu ya mkia mmoja nilioufunga.

Gitaa la Kassimu liliendelea kuja mezani kwangu miaka yote. Nilibadilisha nyuzi, nikasugua vyuma, nikafuta vumbi. Kifuniko cha nyuma kina matundu sita ya kupitishia nyuzi, kwa hiyo sikuwa na haja ya kukifungua, na sikukifungua. Fundi asiyetazama upande mmoja wa gitaa anajua kwa nini hautazami.

Nilijaribu kusema. Kila mwaka siku za mwisho wa Shabani, kama ilivyo kawaida yetu, tuliombana msamaha kabla ya kufunga. Ama mimi nilikwenda Handeni, ama yeye alikuja Korogwe. Mwaka mmoja nilijikaza.

"Kassimu, nisamehe niliyokukosea kwa kujua na kwa kutojua. Na katika ya kujua, kuna moja ningependa kulitaja."

Aliinua mkono upesi kama anayezuia gari. "Usitaje, Fundi. Msamaha wa jumla unatosha. Ukianza kutaja moja moja, na mimi nitalazimika kutaja."

"Wewe una nini cha kutaja?"

"Ndiyo maana nasema tusitaje."

Akacheka, tukanywa uji, mwaka ukapita. Kila mwaka nilileta neno hilo, kila mwaka aliinua mkono. Nilidhani anaficha mambo ya vijana, ya safari za bendi. Nilimheshimu kwa hilo.

Mwaka jana aliugua wiki mbili, akafariki kabla ya mwezi wa Shabani kufika. Nilishika jeneza kwa zamu yangu, nikatia udongo wangu. Baada ya maziko sheikh aliuliza kama kuna aliyekosewa na marehemu, amsamehe. Tukaitikia kwa sauti moja kwamba tumesamehe. Hakuna aliyeuliza nani amemkosea yeye. Si desturi, na nilisimama pale nikiwa na jibu la swali ambalo halikuulizwa. Shabani ilipofika, orodha yangu ya watu wa kuomba msamaha niliimaliza mapema kuliko miaka yote.

Baada ya arobaini alikuja Zaina, binti yake mkubwa, fundi cherehani pale Handeni, anayepiga gitaa la baba yake kwenye sherehe za akina mama. Alibeba lile lile gitaa jekundu, sasa ndani ya mfuko alioushona mwenyewe.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka uliangalie lote. Nyuzi, mkia, kila kitu. Jumamosi napiga."

Nikaona Mungu amenipa mlango wa mwisho. Nikamwambia akae. Nikamweleza yote, kuanzia Kabuku mpaka mguu wa kitanda, bila kuruka neno lile la utauzoea. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mtandio umefunika nusu ya uso, na mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza. Nikafungua zile skrubu sita ili aone kwa macho yake.

Mninga wangu ulikuwepo, umekuwa mweusi kama mpini wa jembe. Lakini mpira haukuwa wangu. Wangu ulikuwa mnene, wa trekta. Huu ulikuwa mwembamba, wa baiskeli, bado mlaini, umekatwa vizuri pembe nne, na kipande kimoja kilikuwa na kiraka cha pancha.

Nikamtazama Zaina. Alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Hicho chenye kiraka ni cha baiskeli yangu," akasema. "Mpira unakauka, baba mdogo, kila miaka mitatu hivi. Tangu niko darasa la tano mimi ndiye mkataji."

"Baba yako alijua?"

"Alifungua siku ile ile uliyompa, kabla hajafika Mashewa. Alisema akisikia neno 'utauzoea' linatoka kwa fundi, lazima atazame nyuma."

"Na kidole?"

"Alikesha akikifundisha kidole. Akasema watu wakiona mkono unatikisa chuma, masikio yatajaza yenyewe." Akajipangusa macho. "Akatukataza tusikwambie. Alisema, 'Fundi ni mtu mkweli, ana uongo mmoja tu. Tukimnyang'anya huo ataugua.'"

Nikashika bisibisi. Nikamwambia sasa nitatoa mbao nimwekee mkia wa haki, unaotembea, kama baba yake alivyotaka tangu mwanzo. Hakukataa. Nilichukua karibu siku nzima, nusu duru na kutyuni, nusu duru na kutyuni, mpaka daraja likaelea kwa sarafu mbili. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho ya aina ile, na nasema bila kujisifu kwamba ilikuwa safi. Zaina akalichomeka kwenye spika, akapiga ule wimbo wa kumtoa bibi harusi, na penye sauti ndefu akaubonyeza mkia. Sauti ikashuka na kupanda kweli kweli, kama mbuzi anayeitwa kutoka bonde la pili.

Zaina akazizima nyuzi kwa kiganja.

"Huyu si baba," akasema.

"Siye," nikakubali.

"Rudisha mbao."

Akafungua pochi, akatoa kipande cha tyubu ya baiskeli alichokuja nacho tangu asubuhi. Nilichukua mkasi nikate. Mkasi ukaanza kucheza mkononi mwangu. Aliutazama kidogo, akaupokea, akakata pembe nne kwa jicho, bila rula.

Basi, vijana wangu, gitaa hilo litakuja mezani kwenu. Ni jekundu, lina mfuko wa kitenge. Mkifungua nyuma mtakuta mninga na mpira, na mtajua kwa mujibu wa simu zenu kwamba limeharibiwa na fundi asiyejua kazi. Msilitengeneze. Badilisheni nyuzi mmoja mmoja, futeni vumbi. Mpira atakuja nao mwenyewe. Skrubu za kifuniko ni sita. Zikae kwenye kisosi.